Ukurasa wa Arobaini na Moja

Mtaala mpya ulifika Jumanne, na mvua,
ndani ya boksi lililowahi kubeba sabuni.
Mwalimu mkuu akalipasua kwa kisu cha jikoni,
akanipa nakala moja tugawane watatu,
nikasaini daftarini: tarehe, jina, cheo.
Palikuwa na nafasi ya "aliyepokea".
Ya "atakayetenda" haikuwepo.

Ukurasa wa arobaini na moja unasema:
mwanafunzi aweze kupima kasi ya maji.
Zana: saa, mita, mfereji.
Muda: vipindi viwili.

Aliyeiandika sentensi hii sina ugomvi naye.
Alikaa mezani, mbali, akawatakia watoto wangu mema.
Ila sentensi haina miguu.
Kutoka Moshi mjini mpaka huku Uru
lazima mtu aibebe.

Mfereji tunao. Mfongo unapita chini ya ukuta wa darasa la sita,
tena umeitangulia shule.
Lakini Alhamisi zamu ya maji ni ya akina Mlay,
na maharage yao yalikuwa yameanza kukunja majani.
Nikaenda kwa Eliapenda, mshika daftari la zamu.
Akanisikiliza mpaka mwisho, jembe begani.
"Kitabu ndicho kinachoomba maji, au wewe?"
Nikasema mimi.
"Basi dakika arobaini.
Kitabu nisingekipa hata kumi."

Mita alitoa fundi Tesha, yule wa madawati,
futi ya kamba iliyokatika mwanzo,
inaanzia sentimita ya saba.
"Ondoeni saba," alisema. "Kila mkipima, ondoeni saba."
Wakaondoa. Hata wale wasiojua kutoa
siku hiyo walitoa.

Saa ilikuwa ya Frimini, kwenye simu yenye ufa.
Aliiachia shule darasa la sita, hapa hapa,
sasa anaendesha bodaboda.
Hakutaka kuniachia simu.
Akasimama ukingoni, buti topeni,
akahesabu kwa sauti kama mtu anayesomewa jina lake.

Kiwelu alikuja kumchukua mwanawe.
"Sikumleta kuchezea maji. Maji anayajua."
Nikamwambia asubiri kidogo, nami nilikuwa nimechoka.
Akasubiri. Akaona vijiti vyetu vinazama.
Akatoa kisu, akakata kipande cha mgomba,
akakiweka majini bila kunitazama,
nacho kikaelea, kikaenda,
na darasa zima likakimbia nacho.

Kengele ya uji ilikuwa imekwisha kulia.
Mama Aikande akaufunika, akapunguza kuni,
akatungoja.
Nimeutafuta uji katika mtaala wote,
jalada hadi jalada.
Haumo.

Mwezi uliofuata alikuja mthibiti ubora,
mama mpole, viatu vyake vimejaa tope letu jekundu.
Azimio la kazi, ndiyo. Andalio la somo, ndiyo.
Akafika kwenye mstari: jina la aliyefundisha.
Mstari mmoja, mfupi.
Niliandika langu, kwa herufi ndogo kuliko kawaida,
kana kwamba udogo wa herufi ungeacha nafasi.

Lakini nimeruka jambo.
Alhamisi ile, maji yalipokwisha kurudishwa,
Haikaeli, ambaye huwa haulizi,
aliuliza: "Na dakika za akina Mlay?"
Sikuwa na jibu kwenye andalio.
Jumamosi tulikwenda na ndoo,
watoto thelathini na wanne, na Kiwelu, na mimi,
tukateka mtoni, tukamwagilia maharage shina kwa shina.
Ndoo ngapi ni sawa na dakika arobaini za mfongo?
Haikaeli alichuchumaa tutani na kijiti,
akaandika kasi, upana, kina,
akakosea,
akafuta kwa kiganja,
akaanza tena.
Maharage hayakumngoja. Sisi tulimngoja.